Alianse (pete ya ndoa) ikae sawa na pete ya uchumba: tazama ubavuni

Wachumba wanaofika mezani kwangu hapa Kadutu, Bukavu, hunionyesha pete ya uchumba kwa juu, jiwe likimeta. Mimi sonara naigeuza ubavu. Taabu yote iko huko.

1. Njoo na pete yenyewe, picha ya WhatsApp haitoshi. Ivae, inua mkono hadi usawa wa macho, uchungulie chini ya jiwe. Kiti cha jiwe kikiwa kimeinuka, alianse iliyonyooka itapita chini yake, pete mbili zigusane. Kikiwa kimelalia kidole, alianse itasukumwa pembeni na mwanya utabaki. Mwanya si aibu, wengine wanaupenda. Kibaya ni alianse inayosugua kucha zinazoshika jiwe. Dada mmoja wa Bagira nilimtengenezea iliyonyooka bila kuangalia hilo. Alirudi baada ya mwaka: kucha mbili zimelika, zimebaki kama uzi, jiwe linacheza. Kosa lilikuwa langu, nikazijenga upya bure.

2. Jaribu kwa shaba kwanza. Menya waya wa umeme wa milimita mraba 2.5, ule mgumu wa ukutani. Shaba yake ina unene wa karibu milimita 1.8. Ukunje kidoleni kando ya pete ya uchumba, uubonyeze ufuate umbo la jiwe mpaka ukae bila kugusa kucha. Mpelekee sonara wako huo waya, ataiga mpindo wake. Shaba ukiiharibu unakata nyingine.

3. Soma muhuri wa ndani. 750 ni karati 18, 585 ni karati 14. Chukua karati ileile, kwani zikisuguana miaka na miaka, laini ndiyo inayolika. Lakini muhuri hauamui rangi. Kwenye 750, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1000, sehemu 250 zilizobaki kwa kawaida ni fedha na shaba. Shaba ikizidi, pete inaelekea wekundu. Zilinganishe nje, kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya duka. Na kama mjomba amekupa dhahabu ya Kamituga, isafishwe na kupimwa kabla ya kuyeyushwa, maana inatoka mgodini na fedha ndani yake.

4. Upana: karibu sawa na wa pete ya uchumba. Mengine ni macho yako.

5. Pima kidole jioni. Asubuhi, kwa baridi yetu ya Bukavu, vidole vinakuwa vimenywea. Namba 52 maana yake mzunguko wa ndani ni milimita 52. Pima ukiwa umevaa pete ya uchumba, kwa sababu mbili pamoja hubana kuliko moja. Ipite kwenye kifundo kwa kulazimishwa kidogo tu.

Siku ya kanisa, hamishia pete ya uchumba mkono wa kulia kabla hujatoka nyumbani. Alianse itangulie kidoleni, nyingine utairudisha juu yake mkishatoka kwa padri.