Suruali isikushuke mchana kutwa: fundi cherehani wa Arusha anakuelekeza

Mi ni fundi cherehani, nakaa barazani karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, na kinachoniweka mjini sio kushona nguo mpya, ni kupunguza suruali za mitumba. Mtu ananunua kadeti kali asubuhi, saa sita yuko kwangu kaishikilia kwa mkono. Na karibu wote wanakuja wameshanunua mkanda mwingine, wameukaza mpaka suruali imejikunja mbele kama mdomo wa kiroba cha mahindi na bado inashuka tu.

Mkanda hauna kosa jamani. Angalia nyuma, pale juu ya makalio. Pale pamekatwa kwa mwili wa mtu mwingine kabisa ambae we hujawahi kumuona, kwaiyo ukikaa au ukiinama panafunguka, ukisimama suruali hairudi ilipokuwa, inabaki chini kidogo, ukiinama tena inashuka kidogo tena, mpaka jioni uko kata K na umri wako huo.

Hatua ya 1: jipime umekaa

Vua mkanda kwanza. Vaa suruali na shati umechomekea kama ulivyozoea, kaa kwenye ndoo uliyoifudikiza, alafu inama kama unafunga kamba za viatu. Mwambie mtu wa nyumbani apitishe mkono pale nyuma kiunoni. Vidole viwili vikiingia vimelala, iko poa, suruali lazima ipumue. Kiganja kizima kikizama, ndio hapo.

Sasa simama. Finya ile nguo iliyozidi katikati nyuma mpaka kiuno kishike bila kuminya tumbo, ibane na pini, pima kwa futi ulichofinya (kumbuka kimejikunja mara mbili, kwaiyo ukipima robo tatu inchi jua umezidisha inchi moja na nusu). Iyo ndio namba yako, andika kwenye simu.

Fanya hivi mchana, usifanye asubuhi, hasa kwa jinzi. Jinzi ikifuliwa inajikaza, ukiivaa saa moja asubuhi unaona imekukaa kama umezaliwa nayo, ikifika saa nane ile pamba imeshaachia na kama ina ule mpira mpira wa kuvutika ndio kabisa. Mtu akija kwangu na jinzi iliyotoka kwenye kamba namwambia nenda kazini nayo, urudi jioni nikupime.

Hatua ya 2: namba yako inasema nini

Ikiwa nusu inchi, usifumue kitu. Sogeza kifungo cha mbele basi, dakika tano. Usizidishe hapo maana zipu itaanza kwenda upande na kila mtu ataiona.

Kuanzia inchi moja mpaka moja na nusu ni kazi ya nyuma, hatua inayofuata. Ikipita inchi mbili lazima na mishono ya ubavuni iguswe, la sivyo mifuko ya nyuma itasogeleana mpaka ionekane kama macho ya bundi. Nimewahi kuifanya hiyo kwa haraka nikiwa bado najifunza, mama mmoja akaja na suruali ya kazini ya mumewe, imezidi inchi tatu, nikala zote nyuma. Mzee alipoivaa mifuko ilikuwa imegusana. Nilinunua suruali nyingine kwa pesa yangu.

Hatua ya 3: kupunguza nyuma

Hii ndio hatua yenyewe, zingine zote ni kusaidia tu.

Kadeti na suruali za suti ni rahisi kwa sababu waliozitengeneza walijua mtu ananenepa na anakonda, ule ukanda wa kiuno kwa nyingi umeungwa katikati nyuma, na ndani wameacha kitambaa cha ziada. Fungua ukiangalie, mara nyingi utakuta. Unaanza kwa kutoa kile kitanzi cha mkanda cha katikati nyuma, unafumua ukanda wa kiuno kama inchi tatu kila upande, alafu unafumua mshono wa kati kushuka chini. Tumia kifumulio au wembe, ila ukitumia wembe uwe na subira, nguo ikichanika hapo hairudi.

Geuza ndani nje. Weka alama ya chaki juu kabisa kwa namba uliyopata, gawa mara mbili, nusu kila upande. Sasa chora mstari kutoka kwenye hiyo alama ukishuka taratibu mpaka uungane na mshono wa zamani karibu na pale makalio yanapoanza kupinda kwenda katikati ya miguu. Usiukate ghafla, ushuke kama barabara ya mlimani inavyopunguza mteremko. Mstari ukikatika ghafla utapata kifuko pale nyuma, ukitembea kinachezacheza.

Shona mara mbili juu ya mstari uleule. Sio mbwembwe, huo ndio mshono unaobeba mzigo kila ukikaa, na ukishona mara moja tu utaachia siku unapanda kwenye kifodi (daladala zetu za hapa) mguu mmoja juu. Piga pasi mshono ukiwa umefunguliwa, rudisha ukanda wa kiuno, rudisha kitanzi. Sindano namba 14 kwa kitambaa cha suti, 16 kwa kadeti.

Jinzi ni mambo mengine. Ukanda wake wa kiuno ni mzima, hauna mshono katikati nyuma, kwaiyo lazima uukate na kuuunga, na ile leba ya ngozi ikiwa imekaa hapohapo uitoe kwanza. Mshono wa makalio wameukunja ukakunjika tena ukapigwa mistari miwili ya uzi wa njano, unaufumua mpaka unachukia maisha. Tumia sindano namba 18, na pale kwenye unene ambapo mishono inakutana, kabla hujapitisha cherehani weka jinzi juu ya jiwe uigonge na nyundo mara sita saba. Kweli kabisa, nyundo. Kitambaa kinalainika na kulala, alafu zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono taratibu, usikanyage. Sindano ikikatika inaruka usoni, mi nna alama.

Kama huna cherehani, peleka kwa fundi ila umwambie maneno haya: "nipunguzie nyuma katikati, uimalizie chini taratibu." Ukimwambia tu "nipunguzie kiuno" wengine wanakula ubavuni kwa sababu ndio rahisi, alafu ile nyuma inabaki inafunguka vilevile.

Hatua ya 4: usiyetaka kufumua, weka lastiki

Hii nawafanyia sana wanafunzi maana mtoto anakua, na dada zangu wenye nyonga pana na kiuno chembamba, kwao suruali ikipita nyonga lazima kiuno kipwaye, ndio miili yetu. Ndani ya ukanda wa kiuno, usawa wa mshono wa ubavu kulia na kushoto, toboa vijitundu viwili upande wa ndani tu. Chukua lastiki pana ya inchi moja, ikate iwe fupi kwa inchi mbili kuliko umbali kati ya vitundu hivyo, ipitishe kwa pini, shona kila mwisho kwa nguvu. Nyuma patajikunja kidogo, mkanda unafunika.

Hatua ya 5: ndio tuje kwenye mkanda sasa

Matundu ya mkanda mengi yanaachana inchi moja hivi. Maana yake kuna watu wanaishi katikati ya tundu na tundu, hili linabana, lile linapwaya, na wamevumilia miaka. Toboa la katikati. Fundi viatu yeyote ana kile chuma cha kutobolea, usitumie msumari, msumari unapasua ngozi na tundu linazidi kurefuka.

Alafu hesabu vitanzi. Jinzi nyingi zina vitano, kati ya kitanzi cha ubavuni na cha katikati nyuma kuna uwanja mtupu, na hapo ndipo suruali inapoteleza chini ya mkanda, mkanda unabaki juu peke yake. Nilikuwa na konda mmoja wa kifodi, mikono yake yote miwili ina kazi, mmoja mlangoni mwingine una hela, suruali ikishuka hana mkono wa tatu. Nilimuongezea vitanzi viwili nyuma, kimoja kila upande, kutoka kwenye kipande nilichokata chini ya miguu wakati nafupisha. Hakurudi kulalamika, alirudi na suruali nne.

Kuna ujanja niliwahi kujaribu wa kushonea ndani ya kiuno ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili ushike shati. Unashika kweli. Ila jasho likianza shati jeupe linatoka na mstari mweusi kuzunguka mwili mzima, usijaribu. Shona mistari miwili ya lastiki nyembamba, inatosha.

Wazee wangu wenye kitambi

Nyie hatua zote hapo juu zitawasaidia nusu tu, naongea ukweli. Tumbo likiwa kubwa kuliko nyonga suruali haina pa kukalia, ni kama kuvisha yai mkanda. Dawa yenu ni suspenda, zile kamba za kupita mabegani, na msicheke, hata jinzi zenyewe zilianzia huko, Levi's walitia vitanzi vya mkanda 1922 na vile vifungo vya suspenda walivitoa 1937. Chukua za vifungo, zile za kubana kwa chuma zinaachia ukikaa. Unashonewa vifungo sita ndani ya kiuno, vinne mbele viwili nyuma, na suruali iachwe ipwaye inchi moja. Ukivaa sweta juu, na baridi yetu ya mwezi wa saba utavaa tu, hakuna anaejua.

Kabla hujanunua nyingine

Pale sokoni watu wanazungushia kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana wanalipa. Inakuonesha ukubwa kidogo lakini haikwambii chochote kuhusu nyuma. Na leba usiiamini, nimepima nyingi zimeandikwa 32 futi inasoma 34. Nenda na futi yako mfukoni, hata ukienda gulio la Tengeru au Memorial kule Moshi, laza suruali juu ya meza, pima kiuno, zidisha mara mbili, linganisha na suruali yako inayokukaa vizuri. Ikizidi inchi nne iache hapohapo hata kama anakuuzia buku mbili, mi nitakuchaji elfu tano na bado mifuko itakuwa macho ya bundi.

Zenye mpira wa kuvutika zifue kwa maji ya baridi, anika kivulini, pasi iwe ya uvuguvugu. Moto unaua ule mpira na ukishakufa hakuna fundi wa kuufufua. Na punguza mizigo mfukoni kaka, simu, pawabenki, funguo za pikipiki na sarafu za konda zote mfuko mmoja wa kulia, alafu unaniletea suruali inayoshuka upande mmoja.