Kuchagua kamshafti ya pampu ya dizeli iliyoongezewa nguvu

Ukiongeza kiasi cha mafuta kinachosukumwa na pampu ya laini (yenye plunja, yaani vipistoni vidogo, zilizopangwa mstari), mbeba mzigo ni kamshafti, yaani shafti yenye nundu zinazonyanyua plunja. Plunja inasukuma dizeli kwa mamia ya baa, na nguvu hiyo yote inarudi kwenye mstari mwembamba pale rola iliyo chini ya plunja inapogusa nundu. Ndiyo maana mimi huanza na nundu. Pitisha ukucha taratibu, hasa upande wa kupandia. Ukikwama kwenye kishimo, hata kidogo kama ncha ya sindano, iache: kitakula rola, na unga wa chuma utaingia kwenye oili. Rangi ya bluu nayo ni dalili kwamba chuma kiliungua.

Ugumu wa juu uwe kama 58 hadi 62 kwa kipimo cha Rockwell C, ila kiini kiwe laini kidogo. Ngumu mpaka ndani hukatika. Iliyosagwa upya mimi huitilia shaka. Tabaka la naitraidi (ngozi ngumu ya juu iliyotiwa naitrojeni) halifiki hata milimita moja, sasa jiwe limebakiza nini?

Nundu ndefu, zinazonyanyua plunja juu zaidi (watu wanazipenda mno!) zinataka springi kali, la sivyo rola huruka na kugonga. Kagua koni (ncha ya shafti iliyochongoka), njia ya kii (mfereji wa kabari ya chuma), mpangilio wa kuwaka kwa silinda na upande wa kuzunguka. Rola na beringi funga mpya.