Kutoa haidrojeni kwenye maji kwa mwanga: jinsi ya kuandaa kaboni naitridi ya matabaka membamba

Kichocheo hiki kinaanzia kwenye yurea, ileile inayotumika kama mbolea, ila wewe nunua ya maabara ili uchafu usikuvurugie majibu. Ukiioka unapata kaboni naitridi, unga wa matabaka yaliyolaliana kama kurasa za kitabu. Mwaka 2009 Xinchen Wang na wenzake walionyesha kwamba unga huu hutoa haidrojeni kwenye maji kwa mwanga unaoonekana.

Hatua ya 1: Kuoka. Weka gramu 10 za yurea kwenye kikombe cha kauri, funika, kisha pandisha joto la tanuri taratibu, nyuzi 5 kwa dakika, hadi 550. Acha saa 3. Usiache kufunika, maana yurea nyingi itapaa kabla haijaungana. Amonia itatoka na inakaba koo, hivyo tanuri likae chini ya kifyonza hewa. Utabaki na unga kidogo tu, mwepesi, wa manjano.

Hatua ya 2: Kupunguza unene. Hapa usiwe na haraka. Mwanga ukiupiga unga, elektroni huruka na kuacha tundu, yaani nafasi yake tupu. Matabaka yakiwa manene, elektroni hurudi tunduni mwake kabla haijayafikia maji, na nguvu yote ya mwanga imepotea. Tandaza unga kwenye sahani ya kauri bila kufunika, nyuzi 500, saa 2. Hewa ya moto huyala matabaka polepole na rangi hufifia kuelekea weupe. Ukizidisha muda hupati kitu: unga wenyewe huishia hewani, na uliobaki hunasa mwanga kidogo zaidi.

Hatua ya 3: Platini. Changanya miligramu 50 za unga, mililita 90 za maji, mililita 10 za trietanolamini (kimiminika kinachotoa elektroni kwa urahisi), na asidi ya kloroplatini yenye miligramu 1.5 za platini. Pitisha naitrojeni nusu saa kuondoa oksijeni, funga chupa, washa taa ya zenoni huku ukikoroga. Mchanganyiko ukigeuka kijivu, platini imeshika. Juu ya vipunje hivyo ndipo haidrojeni itakapoundwa. Chupa ikae kwenye maji baridi, kwa sababu taa hupasha sana.

Hatua ya 4: Kupima. Kila saa vuta gesi kidogo kwa sindano uipime kwenye kromatografu, kifaa kinachotenganisha gesi na kupima kiasi cha kila moja. Rudia gizani, kisha rudia bila unga. Kote huko haidrojeni isionekane.

Trietanolamini ndiyo inayoyajaza matundu badala ya maji, kwa hiyo hapa umefanya nusu ya kazi. Usiandike kwamba umepasua maji hadi uitoe kabisa na upate haidrojeni mbili kwa oksijeni moja. Kwa jaribio hilo ongeza oksidi ya kobalti, inayosaidia oksijeni kutoka, na tumia chupa ndogo mbali na moto wowote: gesi hizo mbili zikichanganyika, cheche moja inatosha kulipua.