Nenda Unguja na Begi Jepesi: Namna ya Kupanga Safari Inayomfuata Fundi Cherehani

Mpenda mavazi anapokwenda Unguja kwa mapumziko, mara nyingi hujaza begi nguo alizoshonewa kwao, akazivaa mbele ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, akapiga picha, kisha akarudi na nguo zilezile alizoondoka nazo. Naliona hilo kuwa ni hasara kubwa, kwa sababu amepita katikati ya mji ambao umefanya biashara ya nguo kwa karne nyingi, na ambao hadi leo duka la kanga na cherehani ya fundi hutenganishwa na hatua chache tu. Ushauri wangu ni kwamba safari ya namna hii ipangwe kwa ratiba ya fundi kwanza, na hoteli, fukwe na matembezi vifuate baadaye. Siku ya kwanza na ya pili ziwe za kitambaa na vipimo, siku za katikati ziwe za pwani wakati fundi anashona, na siku mbili za mwisho ziwe za kujaribu, kurekebisha na kuvaa. Siku sita zinatosha kwa utulivu. Siku tatu hazitoshi, na anayelazimisha siku tatu huondoka na nguo isiyomkaa.

Chagua msimu kwa kuzingatia nguo unayotaka kushona. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, hewa huwa ya ubaridi kidogo na kavu, hivyo hata gauni refu au koti jepesi la kitenge huvalika mchana kutwa bila taabu. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ni ya joto kali, na hapo pamba nyepesi isiyo na bitana ndiyo nguo ya kufikiria. Masika ya Machi hadi Mei yakwepe ukiweza, si kwa sababu ya mvua peke yake, bali kwa sababu kitambaa ulichokifua hakikauki na ratiba yote hurudi nyuma. Jambo jingine ambalo wageni wengi hawalifikirii ni mwezi wa Ramadhani: kadiri Idi inavyokaribia, mafundi huelemewa na nguo za sikukuu, na wengi hawapokei kazi mpya kabisa. Ukitaka kushonewa kwa uangalifu, nenda baada ya Idi, mafundi wakiwa wamepumzika.

Katika begi weka nguo za ndani, ndala, viatu vya kutembelea kwenye vichochoro vya mawe, na nguo mbili za kuanzia. Kisha ongeza kitu kimoja ambacho ni muhimu kuliko vyote: gauni, shati au suruali ambayo tayari inakukaa vizuri, hata kama imezeeka. Hiyo ndiyo nguo ya mfano. Fundi akiishika mkononi anaona mahali bega linapoishia na kiuno kinapoanza kwa uhakika ambao picha ya simu haiwezi kumpa. Picha za mishono pia zibebe, lakini zisizidi tatu, kwa maana anayemwonyesha fundi picha ishirini huwa hajaamua anachotaka. Ukipenda kujua mishono inayotamba mwaka huo, maonyesho ya Swahili Fashion Week, ambayo mbunifu Mustafa Hassanali aliyaanzisha Dar es Salaam mwaka 2008, ni mahali pazuri pa kutazamia. Huko utaona jinsi wabunifu wa ukanda huu wanavyoigeuza kanga kuwa makoti ya wazi, suruali pana na magauni ya bega moja.

Kutoka Dar es Salaam boti huchukua kama saa mbili, na Mtanzania wa Bara asisahau kitambulisho. Panda boti ya asubuhi, ili mchana wa siku hiyohiyo uwe tayari umefika madukani.

Anzia Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, kisha ingia mitaa ya Mchangani, ambako maduka ya nguo yamebanana. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kanga si kitambaa cha kununuliwa kwa kutazama rangi tu. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama sentimita 110. Kina sehemu tatu: pindo linalozunguka kingo zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo chini ya mji. Vazi hili lilizaliwa katika pwani hii katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake walipozishona pamoja leso za mraba zilizoletwa na wafanyabiashara ili kupata nguo pana. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja, wanawake waliokuwa watumwa na kuvishwa kaniki (kitambaa cheusi) na merikani (pamba isiyotiwa rangi) walizivua na kuvaa kanga za rangi, ili waonekane kuwa ni watu huru kama wengine. Mimi siwezi kuingia duka la kanga bila kulikumbuka hilo, na nadhani anayelijua huchagua kwa heshima zaidi.

Soma jina kabla ya kulipa. Liko la kumpa mama, liko la kumpa mchumba, na liko la kumrushia jirani maneno. "Wema hauozi" unaweza kulivaa popote. "Hasidi hana sababu" ukiingia nalo ukweni, kila aliyekaa barazani atajiuliza umemlenga nani. Ikiwa unanunua kwa ajili ya kushona, fikiria pia jina litaangukia wapi kwenye nguo, kwa sababu maandishi yaliyokatwa katikati na mshono wa ubavuni huonekana kama kosa hata kwa mtu asiyejua kusoma Kiswahili. Kwa kawaida hupendeza yakikaa sawa na ukingo wa chini wa sketi, au mgongoni chini ya mabega. Kwa kuwa vipande vya doti vinafanana, kimoja kinaweza kuwa mbele na kingine nyuma, na pindo likazunguka gauni lote bila kuvunjika.

Kabla ya kuchagua, kinyanyue kitambaa kwenye mwanga uone kama nyuzi zimeshikana au zimeachana. Kifinye mkononi kwa muda: pamba hubaki na mikunjo, na kitambaa chenye nyuzi za plastiki hufunguka kama hakikuguswa. Angalia kama pindo limekwenda sambamba na ukingo, kwa sababu kanga iliyochapwa mshazari haiwezi kunyooshwa na fundi yeyote. Mwisho, lowesha kidogo kitambaa cheupe ukisugue kwenye sehemu yenye rangi nzito, na kikitoka na rangi, ujue kanga hiyo inachuja. Doti moja hutosha gauni la magotini lenye mikono mifupi. Gauni refu lenye marinda linahitaji doti mbili za chapa ileile, nawe uzinunue siku moja, kwa sababu chapa huisha dukani na usiipate tena.

Sasa usiende kwa fundi moja kwa moja. Rudi ulikofikia, uloweke kanga kwenye maji baridi, kila rangi peke yake, uifue kwa mkono ili dondo, yaani wanga unaokazia kitambaa kipya, itoke, kisha uianike kivulini. Kanga ni nyepesi na hukauka kwa saa chache. Niliwahi kuiruka hatua hii kwa haraka ya kutaka nguo mapema, nikashonewa gauni lililonikaa vizuri sana siku ya kwanza, na baada ya kulifua mara moja likanywea hadi juu ya magoti. Fundi hakuwa na kosa lolote. Alishona kitambaa nilichompa.

Asubuhi ya siku ya pili, kanga ikiwa imepigwa pasi, ipeleke kwa fundi. Kumpata fundi mzuri si kazi ya kuuliza nani ana bei nafuu, bali ya kutazama. Omba kuona nguo aliyoimaliza, uigeuze ndani nje: mishono iwe imenyooka, kingo ziwe zimepitishwa ovaloki, zipu isiwe imevutika, na kuwe na akiba ya kitambaa kwenye ubavu ili nguo iweze kuongezwa siku za mbele. Salimia kwa utulivu kabla ya kufungua mfuko, kwa maana Unguja mazungumzo yasiyoanza na salamu huanza vibaya, na fundi aliye mtu mzima mpe shikamoo yake. Wakati wa kupimwa vaa nguo nyepesi inayobana kidogo, usimame kama unavyosimama siku zote, usivute tumbo ndani. Hakikisha vimeandikwa mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na urefu kutoka begani hadi pale unapotaka nguo iishie, nawe uwe umevaa viatu utakavyovivaa nayo.

Kisha mkubaliane mambo manne kwa maneno yaliyo wazi na ikiwezekana kwa maandishi: bei ya ushonaji, kianzio, siku ya kujaribu na siku ya kuchukua. Siku ya kujaribu na siku ya kuchukua zisiwe moja. Hapa ndipo safari nyingi za nguo zinapoharibikia, kwani mtu hupewa nguo saa moja kabla ya boti, akakuta kwapa linabana, na hakuna la kufanya. Kumbuka pia kuwa mchana wa Ijumaa maduka hufungwa kwa ajili ya sala, basi usiiweke miadi saa hizo. Usimpe fundi mmoja nguo sita. Mbili au tatu zilizoshonwa kwa makini zina thamani kuliko rundo la nguo zilizofanywa usiku kucha.

Wakati cherehani inafanya kazi, nenda mashariki ya kisiwa, Paje au Jambiani, ambako maji yakipwa huenda mbali sana na kuacha mchanga mweupe usioonekana mwisho wake. Nguo ya huko ni kikoi na kanga ambazo hazijakatwa. Kikoi hufumwa kwa pamba nzito kuliko kanga na milia yake hukaa kwenye kingo, kwa hiyo hufaa kama taulo, shuka la kujifunikia upepo jioni, na vazi la kiunoni kwa mwanamume na mwanamke. Jifunze kujifunga kanga kifuani na kujitanda kichwani na mabegani. Mama yeyote mwenyeji atakufundisha kwa furaha ukimwomba kwa adabu, na ni ujuzi utakaobaki nao kuliko hereni yoyote utakayoinunua njiani.

Wanaume wasiridhike na shati la kitenge peke yake. Kofia ya mkono, hasa ile ya vito, ambayo matundu yake madogo hushonewa pembezoni moja baada ya jingine kwa sindano, huchukua wiki nyingi hadi miezi kumalizika, na bei yake lazima iwe juu. Igeuze ndani: kazi ya mkono ina tofauti ndogondogo kati ya tundu na tundu, na ya mashine hufanana yote. Usimbembeleze muuzaji akushushie hadi bei ya kofia ya mashine, kwani unakuwa unamwomba akupe wiki zake bure.

Ukirudi mjini kujaribu nguo, inua mikono, kaa, inama, panda ngazi mbili. Palipobana paseme hapohapo. Nguo zikishakamilika, zivae Mji Mkongwe kwa namna inayolingana na mji wenyewe, ambao wakazi wake wengi ni Waislamu: mabega na magoti yafunikwe, na nguo ya kuogelea ibaki ufukweni. Sioni kama hilo linampunguzia mtu mtindo, maana gauni refu la kanga likipita kwenye kichochoro chenye kuta za chokaa hupendeza kuliko kaptura yoyote. Kwa picha, asubuhi mapema na saa kumi na moja jioni ndio wakati wa mwanga laini, na kuta hizo zilizofifia huzikubali sana rangi nyekundu na manjano. Usimpige picha mtu bila ruhusa yake, hata kama buibui lake au kilemba chake kimekuvutia. Jioni ya mwisho nenda bustani ya Forodhani, kando ya bahari, ukiwa umevaa nguo mpya, kwa sababu ndiko watu wa mji wanakokwenda kupunga upepo na kutazamana.

Anayeanzia Kenya anaweza kuufuata mpango huuhuu Mombasa, akipanda treni kutoka Nairobi na kwenda Mtaa wa Biashara, ambako kanga huitwa leso na ambako alama ya mfanyabiashara wa kanga Kaderdina Hajee Essak, aliyeitwa pia Abdulla na aliyeanza biashara mwaka 1887, bado husomwa kwenye chapa ya "Mali ya Abdulla". Lamu nayo inafaa zaidi kwa kofia na kwa mtu mwenye muda mrefu.

Kabla ya kuagana na fundi, mwombe vipande vilivyobaki, kwani vitafaa kwa kilemba, mfuko mdogo au kiraka cha siku za usoni. Nakili vipimo vyako kutoka kwenye daftari lake, uchukue namba yake ya simu, naye umwachie jina lako lote likiwa limeandikwa kando ya vipimo hivyo, ili siku ukipata doti nyingine nzuri umtumie kwa boti ya asubuhi.