Namna ya kuipa jina picha au kinyago cha kubuni kwenye hadithi ya mauzauza

Naandika hadithi za mauzauza hapa Arusha, na waandishi wanaoanza huniuliza sana: kinyago au picha iliyomo ndani ya hadithi niiite nini? Msimamo wangu ni huu: anayetoa jina hajui kwamba yumo kwenye hadithi ya kutisha. Hatua zote zinaanzia hapo.

Hatua ya 1: Jua unachokikwepa

Mwaka 1895 Mmarekani Robert W. Chambers alitoa kitabu cha hadithi, The King in Yellow (Mfalme wa Manjano). Baadhi ya hadithi zake zinataja tamthilia ya kubuni yenye jina hilohilo, na anayeisoma huharibikiwa akili. Jina limeundwa kwa cheo na rangi. Wengi wameshaliazima, kwa hiyo ukiandika "Malkia wa Kijani", msomaji mzoefu ameshajua unakompeleka. Weka kando pia giza, damu, laana na kivuli. Maneno hayo yanamwamrisha msomaji aogope kabla hujampa cha kuogopa.

Hatua ya 2: Mtafute aliyetoa jina

Ni fundi, muuzaji, mteja, au karani wa makumbusho? Kazi nyingi maarufu hazikupewa jina na msanii. Mchoraji Mholanzi Rembrandt alichora kikosi cha wanamgambo wa Amsterdam mwaka 1642; baadaye sana watu wakaiita picha hiyo "Ulinzi wa Usiku", maana vanishi ilikuwa imeitia weusi. Waliochorwa hawako usiku kabisa, lakini jina limeganda hadi leo. Kosa la namna hiyo ni mali kwa mwandishi wa mauzauza.

Tuchukue duka la vinyago karibu na Mnara wa Saa. Umeingia mzigo wa Kimakonde, ule mtindo wa ujamaa, watu wamepandana kuanzia chini hadi juu. Mwenye duka anahesabu vichwa, anaandika kwenye daftari: "Ujamaa, mpingo, watu 14." Anabandika karatasi ya bei chini ya kitako. Basi, jina limepatikana: *Watu Kumi na Nne*. Halina hata chembe ya kutisha. Sasa mpingo ni mweusi kwenye kiini, ila mbao ya nje, karibu na gome, ina weupe wa manjano, na mafundi wengine huuacha ukanda huo ubavuni. Mteja anapokesha na kinyago chake, anaona kichwa cha kumi na tano kwenye ule ukanda mweupe, kimechongwa vizuri kama vingine. Anakigeuza, anasoma karatasi. Kumi na nne. Hapo jina la dukani limefanya kazi ambayo "Mti wa Waliolaaniwa" usingeiweza, kwa sababu mtu mwaminifu alihesabu.

Hatua ya 3: Tumia anachokijua mwenyeji

Picha inaitwa *Meru Kutoka Barabara ya Sokoine*. Mgeni ataona mlima tu. Mtu wa Arusha anajua kwamba ukiwa mjini unaona Meru mzima, umechongoka; ukuta wa kreta umebomoka upande wa mashariki, kule Momella, na ndiko koni ya majivu inakoonekana. Mchoraji wako achore koni ile, kisha aandike "Sokoine" kwa mkono uliotulia. Usimweleze msomaji. Mhusika mmoja akiuliza, "Huyu alisimama wapi?" inatosha.

Hatua ya 4: Toa jina la pili, ikibidi

Mchoraji Mmarekani James Whistler alimchora mama yake mwaka 1871, akaiita picha hiyo "Mpangilio wa Kijivu na Nyeusi, Namba 1". Watu wakaiita Mama wa Whistler. Majina mawili yakivutana, msomaji anaanza kuuliza nani anaficha nini.

Hatua ya 5: Lipitishe mdomoni

"Kaka, hiyo Watu Kumi na Nne mnauzaje?" Linasemeka. Jaribu hivyohivyo na "Kilio cha Nafsi Isiyo na Mwisho", usikie.

Hatua ya 6: Litafute mtandaoni

Ukilikuta kwenye hadithi ya mtu mwingine, usibadilishe sifa au rangi tu. Rudi hatua ya 2, mbadilishe aliyetoa jina: kama alikuwa muuzaji, sasa awe mpokea mizigo stendi, naye aandike anachokiona yeye.