Namna ya kubishana kuhusu Mungu kijiweni bila kugombana

Mimi ni fundi viatu hapa Moshi, karibu na stendi, na benchi langu ndilo kijiwe. Kahawa ikishamiminwa, lazima mtu aulize: Mungu yupo?

Kwanza uliza wanabishania hoja ipi. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alisema kila kilichoanza kina mwanzilishi, na ulimwengu ulianza. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki aliyefariki 1274, hakutegemea mwanzo. Mimi huonyesha kwa kiatu. Ghazali anauliza nani alikishona. Thomas anauliza nini kinakishikilia sasa hivi: kiatu kiko kwenye msumari, msumari kwenye ubao, ubao kwenye ukuta. Na ukuta je?

Mtu akidakia, "Na Mungu kaanzishwa na nani?", mwambie hoja ya Ghazali haikusema kila kitu kina mwanzilishi, imesema kila kilichoanza. Akitaka kuibomoa, akuulize umejuaje kuwa ulimwengu ulianza. Hapo utatoka jasho.

Hoja ya hiari, yaani kama mtu anachagua mwenyewe anachofanya, ndiyo ngumu. Mzee mmoja alinibana: "Fundi, kama Mungu alijua tangu jana kuwa utaniharibia soli, ungeachaje kuiharibu?" Nikampa jibu la Boethius, mwanafalsafa Mrumi wa karne ya 6: Mungu haoni "kabla", anaona nyakati zote kwa pamoja, na kuona si kusukuma. Nikikutazama unavuka barabara, si mimi ninayekuvusha. Mzee hakukubali. Soli niliirudia bure.

Adhana ya magharibi ikisikika, nyamazeni. Nusu ya benchi itaenda msikitini, na itarudi na hoja mpya.