Flopi za Disklavier: usikubali kufomati

Kama una zile flopi za zamani za Yamaha Disklavier (piano inayojipiga yenyewe), ukichomeka, kompyuta ikadai diski haijafomatiwa, usibonyeze ndiyo aisee, utapoteza kila kitu. Telezesha kwanza kile kiplastiki cha pembeni mpaka kitundu kiwe wazi, hapo haiandikiki, ndo unakili diski nzima. Ndani kuna mafaili ya .FIL ambayo hayana sauti kabisa, ni maagizo tu ya noti ipi igongwe lini na kwa nguvu gani, kwa hiyo unayageuza kuwa MIDI, muundo wa kawaida wa maagizo kama hayo (PIANODIR.FIL achana nayo, hiyo ni orodha tu) halafu unapitisha kwenye programu ya FluidSynth ikutolee WAV, yaani faili la sauti. Saundifonti (faili la sauti za ala ambalo FluidSynth inalitumia) tafuta nzuri, ukiweka mbovu piano italia kama kinanda cha mtoto.